Nambari Inayobeba Rehani

Muulize mkaazi wa Isiolo ploti yake iko wapi, atakwambia iko Bulla Pesa, nyuma ya msikiti, futi hamsini kwa mia. Maelezo hayo yanatosha kumfikisha fundi au mgeni wa harusi. Kwenye hati ya rehani hayatoshi, kwa sababu msajili wa ardhi hatafuti msikiti, anatafuta nambari.

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya 2012 ndicho kinachopanga mambo hayo. Nchi hugawanywa kwa vitengo vya usajili, kitengo kikagawanywa kwa sehemu, na sehemu yaweza kukatwa bloku. Jina la sehemu, bloku kama ipo, na nambari ya kipande vikiandikwa pamoja, kipande kimeshatambulishwa. Uzuri wa mpango huu ni kwamba nambari hiyohiyo imo kwenye hatimiliki, kwenye rejista na kwenye ramani ya usajili. Hati ya rehani inaungana nazo, basi.

Sasa tuseme karani ameandika 421 badala ya 412. Mara nyingi msajili ataugundua mkorogo, kwa kuwa jina la mkopaji halilingani na la mwenye 421. Hatari kubwa iko pale ambapo mkopaji anamiliki ploti zote mbili. Jina linalingana, sahihi ni yake, ada imelipwa, na rehani inaingia kwenye ploti tupu huku ile yenye nyumba ikibaki huru. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 2012, rehani rasmi haina nguvu mpaka isajiliwe, kwa hivyo benki haina dai la rehani rasmi juu ya nyumba hiyo. Msajili anaruhusiwa kusahihisha makosa madogo yasiyogusa haki ya mmiliki, lakini kuihamisha rehani kutoka ploti moja hadi nyingine sioni vipi kutaitwa kosa dogo.

Ukubwa nao una mtego wake. Futi 50 kwa 100 ni futi mraba 5,000, yaani takriban hekta 0.0465. Sifuri moja ikidondoka baada ya nukta, inakuwa 0.465, zaidi ya ekari nzima. Ndiyo maana ninasisitiza maelezo yanakiliwe kutoka kwenye sachi mpya ya rejista, yasitolewe kwenye kopi ya mwenyewe wala ripoti ya zamani ya mthamini. Ploti ikiwa imegawanywa tangu wakati huo, nambari ya zamani imeshafungwa. Hati ikiwa ni ya upangaji wa miaka 99, iandikwe hivyo, maana kinachowekwa rehani ni muda uliosalia.

Wako mawakili wanaoongeza aya ya mipaka: kuanzia mgunga hadi barabara, hadi ukuta wa jirani. Mimi siipendi. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinasema ramani huonyesha mipaka ya kukadiria tu, isipokuwa rejista iwe imeandika kwamba mipaka imethibitishwa. Aya hiyo inaleta maelezo ya pili, na siku yatakapogongana na nambari, kesi imezaliwa.

Kinachoniuma zaidi ni wale wasio na nambari ya kuandika. Mwenye barua ya mgao ana nambari ya ploti, lakini imetoka kwenye mchoro wa mpango wa mji, haimo kwenye rejista. Lazima ploti yenyewe ipimwe, hati ya upangaji itolewe na kusajiliwa, ndipo benki ije. Malisho ya Merti, hukohuko Isiolo, yasiyosajiliwa ni ardhi ya jamii: Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imeiweka chini ya kaunti kwa amana, na kaunti hairuhusiwi kuiuza. Mfugaji ayaeleze kwa ufasaha wowote, hakuna kipande cha kuwekwa rehani.

Tena kuna hatua moja inayofanyika nje ya karatasi. Mpimaji abebe ramani, aende na mthamini mpaka uwanjani, watafute bikoni nne za mipaka, wahakikishe nyumba iliyothaminiwa imesimama ndani ya bikoni hizo. Nambari yaweza kuwa sahihi kila tarakimu na nyumba ikawa imejengwa kwa jirani. Kazi hiyo ifanyike kabla mkopaji hajatia sahihi, wakati hati bado yaweza kuandikwa upya.