Heko kwa Wahadhiri wa Meru na Embu

Machi 15, 2020, siku mbili baada ya Kenya kutangaza kisa cha kwanza cha korona, serikali iliamuru shule na vyuo vifungwe. Mzigo wa kuendeleza masomo uliwaangukia wahadhiri na wataalamu wa kompyuta, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Embu, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichoko Nchiru, na Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya (KeMU).

Mhadhiri aliyezoea ubao alilazimika kujirekodi, kupakia maelezo mtandaoni na kujibu maswali kwa WhatsApp. Mwanafunzi naye alisomea nyumbani, pengine kando ya shamba la majani chai au miraa, akizima kamera ili bando lisiishe upesi.

Kazi za maabara hazikuwezekana kwa simu. Vyuo vilipofunguliwa kwa awamu, mfumo wa mseto ukawa jibu: nadharia mtandaoni, majaribio ana kwa ana.

Mtandao ulikatika na baadhi ya wanafunzi walikosa simu za kufaa, lakini masomo hayakufa. Kwa hilo, wahadhiri hawa wanastahili pongezi, na wanafunzi wanastahili intaneti ya bei nafuu.