Kitenzi Ndicho Kinachochagua Kitabu

Februari 24, 2020, kampuni ya Cisco ya Marekani ilianza kutoa mtihani mpya wa CCNA, cheti chake cha ufundi mitandao, wenye namba 200-301, na ule wa zamani, 200-125, ukawa umekwisha. Kwa fundi mitandao aliyekuwa amenunua kitabu mwaka mmoja kabla, hiyo haikuwa habari ndogo. Sura za itifaki za EIGRP, RIP na PPP alizozipigia msuli usiku hazikuwemo tena kwenye pepa. Mahali pake palikaa JSON, API, na namna ya kusimamia vifaa vingi kwa programu badala ya kukiingia kimoja kimoja kwa mkono. Vyeti vya CCNA vya matawi, kama usalama na mitandao isiyotumia waya, navyo vilikusanywa chini ya mtihani huo mmoja.

Kitabu chenyewe kilikuwa kizuri, ila kiliandikwa kwa ajili ya pepa nyingine.

Hapo ndipo penye somo kuhusu uchaguzi wa vifaa vya kujisomea. Watu wengi huanza kwa kuuliza kitabu gani ni bora, au ni mwalimu gani wa video anayeeleweka. Wangeanza na waraka mfupi ambao Cisco huutoa bure: orodha ya mada za mtihani. Ni wa kurasa chache tu, na unasema wazi kila sehemu ina uzito gani. Misingi ya mitandao ni asilimia 20, ufikiaji wa mtandao 20, uelekezaji wa IP 25, huduma za IP 10, misingi ya usalama 15, na otomatiki 10. Mtu anayetumia mwezi mzima kwenye otomatiki huku uelekezaji wake ukilegalega ameshapoteza hesabu kabla ya kufika chumba cha mtihani.

Lakini uzito ni nusu tu ya hadithi. Nusu ya pili imo kwenye vitenzi. Mada moja inasema eleza, nyingine linganisha, nyingine fasiri, nyingine sanidi na uthibitishe. Maneno hayo hayakuwekwa kama mapambo. Kuhusu itifaki zinazoziwezesha ruta mbili kushirikiana lango moja, ili moja ikizimika watumiaji wasikatike, mtahiniwa wa CCNA anatakiwa kueleza kazi na dhana zake. Hapo kitabu kizuri kinatosha, pamoja na mchoro mmoja unaoeleweka. Kuhusu OSPF ya eneo moja, itifaki ya uelekezaji, waraka unataka kusanidi na kuthibitisha. Hapo kitabu peke yake hakifui dafu, hata kiwe kinene kiasi gani.

Chukua mfano wa maabara ndogo kabisa. Ruta mbili zimeunganishwa kwa kebo moja ya Ethernet, zote ziko eneo 0 la OSPF. Kwa kawaida kila ruta hutuma ujumbe wa hello kila sekunde 10, na humhesabu jirani kuwa hayupo zikipita sekunde 40 bila kumsikia. Mwanafunzi abadilishe upande mmoja uwe sekunde 5, kisha asubiri. Haupiti muda mrefu, amri ya show ip ospf neighbor, iliyokuwa ikionyesha neno FULL, ishara ya ujirani kamili, inarudisha orodha tupu. Kebo ni nzima. Anwani ziko sawa. Ping kati ya ruta hizo inapita bila shida, lakini ujirani haupo. Jibu linapatikana kwa amri nyingine, show ip ospf interface, kwenye mstari unaotaja vipima muda: huku 5, kule 10. Aliyelipitia tatizo hilo kwa vidole vyake mara mbili tatu halisahau. Aliyelisoma tu kwenye jedwali la kitabu, wiki mbili baadaye atakumbuka kwamba kulikuwa na jedwali.

Kwa hiyo kifaa cha pili baada ya waraka wa mada ni maabara, na habari njema ni kwamba haihitaji kununua vyuma. Packet Tracer, programu ya Cisco yenyewe, hupatikana bure kwa anayefungua akaunti ya Networking Academy, mpango wa mafunzo ulioanza mwaka 1997. Inafanya kazi kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, na mazoezi mengi hufanyika hata bando likiisha. Ina mipaka yake: ni mwigo, haina kila amri iliyomo kwenye ruta halisi, na mara nyingine amri iliyoandikwa sawasawa hukataliwa. Anayetaka mfumo wenyewe anaweza kugeukia GNS3 au Cisco Modeling Labs, ila hizo zinadai kompyuta yenye kumbukumbu ya kutosha. Kwa ngazi ya CCNA, Packet Tracer inabeba sehemu kubwa ya kazi. Anayechelewa kuanza akisubiri kununua ruta ya mtumba anajinyima bure.

Kwa upande wa vitabu, vile vya Wendell Odom vya Cisco Press, juzuu mbili, ndivyo vinavyofuata mtihani kwa karibu zaidi. Kila sura huanza na jaribio fupi la kupima kama msomaji tayari anaijua mada. Wengi huliruka ili wafike kwenye somo. Ni kosa, maana kazi ya jaribio hilo ni kuokoa muda: anayepata yote asome muhtasari na kusonga mbele. Kwa asiye na fedha ya vitabu, kozi ya bure ya Jeremy's IT Lab kwenye YouTube ina mpangilio mzuri. Masomo yake huambatana na zoezi la Packet Tracer na kadi za kujikumbusha. Chanzo kimoja kikuu kinatosha. Anayefungua vitabu vitatu na kozi nne kwa pamoja huishia kusoma sura ya kwanza ya kila kimoja, na sura za kwanza zote zinafanana.

Kuna mada moja, kugawa mtandao katika vipande vidogo, ambayo kifaa chake bora ni karatasi na kalamu. Mtandao wa 192.168.10.0 ukigawanywa kwa /26 unatoa vipande vinne, vinavyoanzia 0, 64, 128 na 192, kila kimoja na anwani 62 za vifaa. Kompyuta yenye .100 iliyopewa lango la .130 haitatoka nje ya ofisi, kwa sababu .100 iko kipande cha pili na .130 iko cha tatu. Hesabu hiyo ni nyepesi, ila kwenye mtihani hufanywa bila kikokotoo, ndani ya dakika 120 za pepa nzima, na swali ukishalipita hulirudii. Mazoezi kumi kwa siku, kila siku, yanazidi sura yoyote iliyosomwa mara moja.

Tarehe ya kifaa nayo ina mtego. Agosti 20, 2024, mtihani ulibadilika tena bila namba kubadilika: ulibaki 200-301, toleo likapanda kutoka 1.0 hadi 1.1. Zana za otomatiki za Puppet na Chef zikatoka, Terraform ikaingia, pamoja na mada ya akili mnemba katika uendeshaji wa mitandao. Sehemu kubwa ya mada nyingine ilibaki ileile, kwa hiyo kitabu cha toleo la kwanza bado kinafaa, mradi msomaji aweke waraka mpya pembeni na kuandika kwa mkono kile kilichoongezeka.

Halafu kuna pepa zilizovuja. Zinauzwa, zinagawiwa kwenye magrupu ya simu, na anayezikariri anaweza kweli kufaulu. Tuseme wazi kwamba huo ni wizi. Mtahiniwa hukubali masharti ya usiri kabla ya swali la kwanza, na Cisco ina mamlaka ya kufuta matokeo na kumnyang'anya mtu cheti. Madhara makubwa zaidi huja ofisini. Siku mtandao wa tawi unapolala, watu wote wamemzunguka fundi mwenye cheti, naye anajua herufi ya jibu bila kujua swali limetoka wapi. Majaribio halali ya mazoezi ni jambo tofauti, hasa yale yanayoeleza kwa nini majibu matatu si sahihi. Maelezo hayo ndiyo yanayolipiwa.

Jambo la mwisho linamhusu msomaji wa Kiswahili hasa. Mtihani huu hautolewi kwa lugha yake, na swali linaloomba majibu mawili humwangusha anayesoma harakaharaka. Asome kwa Kiingereza, lakini amweleze mwenzake kwa Kiswahili. Anayeweza kumwambia rafiki, bila kutafuna maneno, kwa nini swichi mbili zilizounganishwa kwa kebo mbili zinahitaji kebo mojawapo ifungwe, huyo ameelewa.

Ada ya mtihani ni dola 300 za Marekani kabla ya kodi, na anayefeli husubiri siku 5 kabla ya kulipa tena kiasi kilekile. Asiyeweza kurudisha ujirani wa OSPF uliovunjika bila kufungua daftari asilipie bado.