"Haijakaa Sawa" Si Uchambuzi: Kuisikiliza Bashraf ya Mtunzi Chipukizi

Pemba hatuna uhaba wa wakosoaji wa mashairi. Soma utungo wako mbele ya watu wa Wete au Chake Chake, mshororo mmoja upungue mizani moja tu, na utasikia mtu anakohoa kabla hujaufikia mwisho wa ubeti. Kina kikipotea, hata mtoto wa skuli atakuonesha kilipopotelea. Mambo haya hayakuanza jana. Kamange na Sarahani, washairi wakubwa wa kisiwa hiki walioishi hadi mwanzoni mwa karne ya 20, walijibizana kwa tungo, na anayetaka kumjibu mwenzake kwa shairi hana budi kwanza amsome neno kwa neno. Tungo zao zimo katika kitabu *Kale ya Washairi wa Pemba*, kilichotoka 2011 kwa uhariri wa Abdilatif Abdalla.

Sasa lete muziki usio na maneno. Kijana katunga bashraf yake mwenyewe, kairekodi kwa simu, anawasikilizisha watu barazani. Wale wale waliokohoa juu ya mizani moja wanasema, "Mashaallah, tamu hiyo," au, "Ah, haijakaa sawa." Basi. Kijana anarudi kwao na furaha isiyomfunza kitu, au na huzuni isiyomfunza kitu. Hajui arudie wapi.

Masikio tunayo. Tunachokosa ni mazoea ya kutaja mahali: sehemu gani, mzunguko wa ngapi wa mdundo, sauti ipi. Katika shairi mahali panajitaja penyewe, kwa sababu ubeti una mishororo na mshororo una vipande. Ninachodai hapa ni kwamba bashraf nayo ina ubeti wake, na anayeujua hawezi tena kujificha nyuma ya "haijakaa sawa".

Asiyeijua bashraf kwa jina huenda anaijua kwa sikio. Ni ule muziki wa mwanzo katika taarab asilia, kabla mwimbaji hajasimama, pale fidla, ganuni, udi na nai vinapokwenda pamoja na watu bado wanatafuta viti. Asili yake ni Uturuki ya zama za Dola ya Uthmania. Ikaenea katika nchi za Kiarabu, na njia yetu sisi ilikuwa Misri. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze ganuni. Kilabu cha Ikhwani Safaa kikaundwa 1905, Culture kikafuata 1958, na tangu 2002 Unguja imekuwa na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambako udi na ganuni hufundishwa darasani. Mtunzi wa ridhaa aliyeko Konde au Mkoani, mwenye kinanda cha umeme na simu, yuko mbali na yote hayo. Anachopata ni masikio ya jirani zake, na ndiyo maana maneno ya jirani zake yana uzito kuliko wanavyodhani.

Umbo lenyewe si gumu. Bashraf ina sehemu nne, kila moja inaitwa khana, na baada ya kila khana hurudi kipande kile kile kiitwacho taslimu. Khana ya kwanza hutambulisha maqamu, yaani mpangilio wa sauti unaoujenga muziki huo. Ya pili huyapanua. Ya tatu hutoka nje: hupanda juu, hubadilisha maqamu, huchokoza. Ya nne hurudi nyumbani. Taslimu husikika mara nne, kwa hiyo ndiyo kipande ambacho msikilizaji atalala nacho.

Hapo tayari kuna kipimo cha kwanza, na hakihitaji elimu ya noti. Sikiliza bashraf nzima mara moja, zima simu, kisha jaribu kuiimba taslimu kwa mdomo uliofumba. Ukishindwa, mtunzi ana kazi ya kufanya, kwani kitu ulichokisikia mara nne hakikubaki. Ukiweza, mwambie. Mwimbie. Mtunzi akisikia kipande chake kikitoka kwa mtu mwingine, hata kama kimepindishwa kidogo, anapata habari ambayo sifa haiwezi kumpa. Na pale ulipopindisha paangalie vizuri, maana mara nyingi sikio lako limelainisha sehemu ambayo mtunzi aliikaza bila sababu.

Tuchukue mfano. Nimeuunganisha kutokana na mambo ninayoyasikia mara kwa mara, ili asifedheheke mtu. Bashraf ya dakika nne, maqamu ni hijazi inayokaa juu ya re. Imepigwa kinanda kitupu, na mdundo umechukuliwa katika midundo iliyomo ndani ya kinanda chenyewe. Taslimu ni nzuri: mizunguko minne, inaanzia la, inazunguka sol, inateremka kwa fa iliyopandishwa nusu na mi iliyoshushwa nusu, inatua re. Unaiimba bila tabu.

Khana ya pili inarudia ya kwanza karibu yote, sauti kwa sauti, ila imepandishwa kidogo mwishoni. Msikilizaji wa haraka atasema "inachosha". Maneno hayo ni ya kweli na hayasaidii. Yanayosaidia ni haya: mizunguko minne ya mwanzo wa khana ya pili tumekwisha kuisikia, jambo jipya linaanzia mzunguko wa tano, basi jaribu kuanzia hapo hapo. Sasa kijana ana kitu cha kujaribu usiku huo huo. Akijaribu akaona hakufai, atakuwa amekataa kwa hoja, na hilo pia ni faida.

Khana ya tatu ndipo penye mambo. Unasikia anataka kutoka hijazi kwenda rast juu ya sol, safari ya kawaida kabisa na nzuri. Anapanda sol, la, kisha anagonga si, na hapo kitu kinaharibika. Ghafla muziki unakuwa kama bendi ya paredi. Msikilizaji anakunja uso, anasema, "Hapa umetoka." Umetoka wapi? Kwenda wapi? Sauti inayotakiwa pale iko katikati ya si ya kawaida na si iliyoshushwa nusu. Wapigaji huiita robo. Ukiigawa nusu hatua moja katika senti 100, robo inaangukia kama senti 50, ingawa mpiga udi mzuri hapimi kwa senti. Kinanda cha kawaida hakina ufunguo wa sauti hiyo. Mtunzi ameisikia rast kichwani, vidole vikampa maqamu ya ajam, isiyo na robo.

Kwa hiyo kosa si la utunzi. Ni la chombo, na mchambuzi asiyelitambua atamfanya kijana afute wazo lake bora. Tatizo lenyewe ni la zamani: Mkutano wa Muziki wa Kiarabu wa Cairo mwaka 1932, uliohudhuriwa na watu kama Béla Bartók, nao ulibishana juu ya piano na sauti isizokuwa nazo. Udi hauna shida, shingo yake haina vizuizi na kidole hutua kinapotaka. Fidla vivyo hivyo. Ganuni, yenye nyuzi zaidi ya 70 zilizofungwa tatu tatu kwa kila sauti, ina vichuma vidogo vya kunyanyua na kulaza pembeni ili mpigaji aipate robo. Vipo pia vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la nchi za Kiarabu ambavyo unaweza kuushusha ufunguo mmoja mmoja. Asiyekuwa na chochote katika hivyo ana njia mbili: khana ya tatu aiimbe kwa mdomo katika rekodi, ili watu wajue anakusudia nini, au aende nahawandi juu ya sol, ambayo kinanda chake kinaimudu na ni jirani wa karibu wa hijazi. Hiyo ya pili ni salama. Mimi ningemwambia aimbe.

Hapa niseme jambo kuhusu masikio ya Pemba. Mtu aliyepita madrasa, akakua anasikia kisomo na maulidi, anaitambua maqamu ya bayati hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Sisemi kisomo ni muziki, na asinielewe vibaya mtu. Nasema sikio limekwisha kufunzwa. Ndiyo sababu yule wa barazani hukunja uso mara tu robo inapokosekana. Anajua kuwa kuna kitu. Msaada anaoweza kutoa, kama hana majina ya maqamu, ni kuisimamisha rekodi pale pale uso ulipokunjana na kusema, "Hapa." Sekunde ya ngapi, aandike. Hilo peke yake ni nusu ya uchambuzi.

Bado kuna kiungo kati ya khana na taslimu. Khana ya tatu ya mfano wetu inakwisha juu, sol, mdundo unanyamaza pigo moja, halafu taslimu inaanza kama mlango uliopigwa teke. Kazi ya mwisho wa khana ni kumleta msikilizaji taslimuni akiwa tayari anaitamani. Mzunguko mmoja wa kuteremka taratibu ungetosha. Lakini kabla ya kumpa dawa hiyo, muulize: "Mwanangu, pale kabla ya taslimu ya tatu ulikusudia kutukata, au ilikuwaje?" Huenda akasema, "Maalim, nilitaka watu washtuke." Hapo mazungumzo yanageuka. Kama kukata ni makusudi, basi kukata kwenyewe ni kudogo mno, pigo moja linasikika kama kuteleza. Aache mawili, au anyamazishe ala zote. Huenda pia akasema, "Sikujua nishuke vipi." Hapo ndipo umwoneshe. Mchambuzi asiyeuliza humrekebisha mtu kwa ladha yake mwenyewe, halafu akaita ladha hiyo kanuni.

Mdundo sitaukalia sana. Simu haina kifua. Dum, lile pigo zito la ngoma ya dumbaki, humezwa na spika ndogo, ikabaki tak, lile pigo jepesi, peke yake. Tumia spika za masikioni kabla hujasema mdundo hauna nguvu. Mdundo wa mashine una kasoro nyingine, kwamba haujui khana imebadilika. Mpigaji dumbaki hai angepunguza katika khana ya tatu na kujaza kuelekea taslimu. Mtunzi akipata mpigaji mmoja tu wa rika (tari ndogo) au dumbaki kijijini kwao, nusu ya malalamiko itaondoka bila kubadilisha sauti hata moja.

Kwa nini basi hatusemi hivi? Sababu mojawapo ni heshima, na sitaki kuidharau. Kumkosoa kijana mbele ya wenzake ni kumvua nguo. Sababu nyingine ni kwamba sisi ni watu wa mafumbo. Taarab imetufundisha kumsema mtu bila kumtaja, na katika maneno ya wimbo huo ni ustadi mkubwa. Katika uchambuzi wa sauti ni hasara tupu. Ukimwambia mtunzi "chombo chema hakikosi nanga" ataondoka akitafakari nani kamsema kwa nani, na khana ya tatu itabaki vile vile. Mwambie faraghani, na ukimwambia, sema wazi.

Tena wazee wana mzigo wao. Akisema mpigaji wa miaka mingi kwamba bashraf "haikuwa hivyo zamani", mazungumzo yamefungwa, hakuna kijana atakayefungua mdomo. Afadhali aseme, "Zamani tungeteremka hapa," kisha apige, kijana asikie tofauti kwa masikio yake na achague. Ukumbi wa ngoma unalijua hili tangu zamani. Katika kirumbizi, ngoma yetu ya kuchezeana fimbo, zumari na ngoma zikipoa, hakuna anayetoa hotuba. Fimbo zinapoa pia, na mpiga zumari anajua papo hapo kuwa wamemwacha. Mtunzi wa bashraf hana fimbo za kumjibu. Ana sisi.

Kuhusu bashraf ya mfano wetu, hukumu yangu ni hii. Taslimu isiguswe. Khana ya kwanza ibaki. Ya pili ikatwe mizunguko minne ya mwanzo. Ya tatu isifutwe kabisa, asubiriwe mpiga fidla au udi, na kwa sasa mtunzi aimbe robo yake kwa mdomo. Ya nne, ambayo sikuigusa kwa kuwa ni ya kwanza iliyogeuzwa geuzwa tu, aiandike upya baada ya kuikamilisha ya tatu, maana hawezi kujua anarudi vipi nyumbani kabla hajajua alikofika. Mdundo wa mashine utoke. Ikishafanyiwa hayo, ipelekwe mazoezini kwenye kilabu chochote chenye ganuni. Inafaa kusikilizwa na watu waliokaa.