Ndege Baridi, Betri Moto

Theluji ikishakaa, magurudumu ndiyo yanayotangulia kutoka. Mzee huyalegeza kwa spana ndogo, huyapangusa, huyafunga kwenye kitambaa pamoja na nati zake, kisha huandika juu ya kifurushi: Aprili. Hapa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, Aprili iko mbali. Kati ya sasa na wakati huo kuna maziwa yaliyoganda, jua linalochelewa kuchomoza na kuwahi kutua, na asubuhi ambazo kipimajoto husoma nyuzi 20 chini ya sifuri. Warushaji wengi wa ndege za mfano huzitundika ndege zao ukutani mpaka theluji iyeyuke. Yeye ndiyo kwanza anafungua sanduku la zana.

Ndege yake ni Piper Cub ya manjano, moja ya sita ya ukubwa wa ile ya kweli iliyokuwa ikiundwa Lock Haven, Pennsylvania, tangu miaka ya 1930. Mabawa yake, ncha hadi ncha, ni sentimita 178. Mifupa yake ni balsa, mti mwepesi ambao sehemu kubwa yake hutoka Ecuador, kwenye joto la ikweta. Ngozi yake ni plastiki nyembamba iliyobandikwa kwa pasi. Ndani mna mota ya umeme, betri ya lithiamu ya seli nne, na sevo, yaani vile vimota vidogo vinavyovuta usukani na vibawa. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi ambacho baridi hukiacha ilivyokikuta. Balsa hukauka na kusinyaa, ngozi hulegea na kufanya makunyanzi, nailoni hufupika, grisi huganda, betri huchoka kabla ya wakati. Mzee anajua baridi inakifanya nini kila kimoja, naye hukipa kila kimoja dawa yake. Huo ndio ufundi niliokwenda kuutazama, na sijauchoka.

Alianza na skii, kwa sababu ndege ya kilo mbili na nusu yenye magurudumu huzama kwenye theluji laini na kubinuka kwa pua kabla haijaenda popote. Skii zinauzwa madukani. Yeye huunda zake. Kila moja hutoka kwenye vipande viwili vya plaiwudi vyenye unene wa milimita moja na nusu. Alivichora kwa penseli, urefu sentimita 33 na upana 8, akavikata kwa msumeno mwembamba na kuvipiga msasa kingo zote. Kisha akalowesha sehemu ya mbele tu ndani ya sufuria ya maji ya moto. Hakuangalia saa. Kila baada ya muda alikitoa kipande kimoja, akakishika kwa vidole gumba viwili na kukipinda kidogo, akakirudisha majini. Mara ya mwisho kilipokubali bila kulia, alikilaza juu ya kalibu ya mbao aliyoichonga zamani, akakikaza kwa vibano na kukiacha kilale hivyo usiku kucha.

Siku ya pili vipande vilikuwa vimekauka na kushika umbo, ncha zimeinuka kama omo ya ngalawa. Sasa ndipo gundi ikaingia. Alichanganya epoksi kwenye kifuniko cha chupa, akaitandaza kwa kipande cha kadi kuukuu, akiivuta polepole hadi nyuzi za mbao zikaonekana chini yake. Gundi nyingi, aliniambia, ni uzito tu. Akaunganisha vipande viwili viwili, akavirudisha kwenye kalibu, akakaza vibano kuanzia katikati kuelekea pembeni ili gundi ya ziada itoke njia yake, na kuipangusa kwa kitambaa chenye spiriti. Plaiwudi mbili zilizogundishwa zikiwa zimepinda haziwezi tena kunyooka, maana kila moja inaizuia nyingine. Karakana ilikuwa na ubaridi, na epoksi huchelewa kukauka kwenye ubaridi, basi akaiacha siku nzima zaidi. Nilidhani angewasha taa ya joto. Hakuwasha.

Chini ya kila skii alibandika ukingo mwembamba wa mbao ngumu, kutoka mbele hadi nyuma, wa kuikata theluji ili ndege ishike njia na isiteleze kiubavu. Vanishi ikafuata, kisha nta, ikasuguliwa kwa kitambaa hadi ikang'aa.

Kuifunga skii kwenye mguu wa ndege kuna siri ambayo mtu asiyejua hawezi kuiona. Skii huzunguka kwenye ekseli, ili ifuate mabonde ya theluji. Lakini ikiwa huru kabisa, angani upepo utaiinamisha ncha, na skii iliyoinama huisukuma ndege ielekeze pua chini. Ndiyo maana mpira hufungwa kutoka ncha ya skii hadi kwenye mguu, kuivuta ncha iwe juu kidogo, na nyuma huwekwa waya mwembamba wa kuizuia isiinuke kupita kiasi. Alipomaliza alipima umbali kati ya skii mbili, mbele na nyuma. Palikuwa na tofauti ya milimita mbili. Akalegeza, akasogeza, akapima tena. Skii zisizokwenda sambamba huivuta ndege upande mmoja tangu inapoanza kukimbia, na juu ya barafu hakuna breki ya kuirekebisha.

Kisha aliinua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, mahali palipotiwa alama. Pua ikashuka, kwa kuwa skii ni nzito kuliko magurudumu na ziko mbele. Akaisogeza betri nyuma kidogo kidogo, akiinua na kushusha, hadi ndege ikatulia.

Wengi wetu tuliohamia huku kutoka Afrika Mashariki tunaijua baridi kama kitu cha kukimbiwa: mlango wa nyumba hadi mlango wa gari, gari hadi kazini. Hatuikawilii hata kuitazama. Labda ndiyo sababu ninapenda kukaa na mtu anayeisoma kwa utulivu, kipengele kwa kipengele.

Usiku wa kuamkia kuruka, ndege na betri hulala mahali tofauti. Betri hulala ndani ya nyumba. Ndege hulazwa gereji, pasipo joto lolote, na mara ya kwanza niliona huo ni ukatili kwa kitu alichokihangaikia hivyo. Sababu yake ni vijiti. Kutoka kwenye sevo hadi mkiani mna vijiti vya nailoni vyenye urefu wa kama sentimita 60. Nailoni husinyaa kwa baridi kuliko mbao. Kijiti cha urefu huo kikitoka kwenye chumba chenye nyuzi 20 na kupelekwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, hupungua karibu milimita mbili. Ni kidogo machoni, lakini mkiani zatosha kukiacha kibawa kimeinama au kimeinuka kabla rubani hajaamuru kitu. Anayeirekebisha ndege sebuleni anarekebisha ndege nyingine, si ile atakayoirusha.

Kwa hiyo alfajiri huingia gereji, huvua glavu ya mkono wa kulia, hukizungusha kishikizo kilicho mwisho wa kijiti nusu mzunguko tu, ambao ni kama robo ya milimita. Huvaa glavu. Hurudi nyuma hatua mbili, hufumba jicho moja, hutazama mkia kutoka nyuma. Huvua glavu tena. Mkono haukai wazi kupita pumzi chache, na katikati ya kila zamu anaupasha ndani ya koti. Kazi ambayo kiangazi ingemaliza dakika moja huchukua sehemu nzuri ya asubuhi, na sikumwona akiharakisha hata mara moja. Propela ya plastiki nayo hutolewa, kwa kuwa baridi huifanya iwe rahisi kuvunjika. Ya mbao huwekwa badala yake, iliyopungua inchi moja. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni nzito kuliko ile ya nyuzi 20 juu ya sifuri kwa takriban asilimia 16. Propela ileile huwa na kazi zaidi ya kuipiga, na mota huvuta umeme mwingi zaidi.

Betri zina mapokezi mengine kabisa. Huchajiwa ndani, kwenye joto la chumba, hadi volti 4.2 kwa kila seli. Betri ya lithiamu iliyopoa chini ya sifuri haichajiwi kamwe: lithiamu, badala ya kuingia ndani ya grafiti, hujipaka juu yake, na betri huharibika kwa namna isiyotengenezeka na inaweza kuwa ya hatari. Zikishajaa, huziweka kwenye sanduku la plastiki lenye kuta nene, lile watu wanalobebea soda na barafu wakati wa kiangazi. Humo ndani mna chupa ya mpira yenye maji ya moto iliyozungushiwa taulo, na kipimajoto kidogo. Betri baridi haijapoteza chaji yake. Kinachotokea ni kwamba kemia ndani yake inakwenda polepole, ukinzani unapanda, na mota ikidai nguvu ghafla, volti zinaporomoka na ndege inabaki angani bila msukumo. Betri iliyoingia kwenye ndege ikiwa na joto, kisha ikafanya kazi, hujipasha yenyewe kwa umeme inaoutoa. Ndiyo maana mzee huziba kwa utepe nusu ya matundu ya hewa puani.

Ziwani, kabla ya kutoa chochote garini, hutangulia na mtaimbo na kutoboa barafu. Idara ya Maliasili ya Minnesota hushauri angalau inchi 4, kama sentimita 10, za barafu mpya na safi kwa mtu anayetembea, na barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ina takriban nusu tu ya nguvu hiyo. Hutoboa karibu na ufuo, hupima, husogea, hutoboa tena. Siku niliyofuatana naye barafu ilikuwa nene kuliko urefu wa mkono wangu hadi kiwiko, na bado alitoboa hadi mwisho wa eneo lake.

Kisha akapanda matawi. Alikuwa amebeba mzigo wa vitawi vya msonobari, akavichomeka mstari mmoja kandokando ya njia ya kutua. Chini ya mawingu theluji haina kivuli, na jicho haliwezi kujua ardhi inaanzia wapi. Marubani wa Alaska wanaotua kwenye theluji hutumia matawi kwa sababu iyo hiyo.

Mikono yake na rimoti huingia pamoja kwenye mfuko mnene wenye dirisha la plastiki juu, na ndani yake kuna kifuko cha unga wa chuma unaotoa joto unapokutana na hewa. Glavu nene hazifai hapo, kwa kuwa vidole gumba lazima vihisi vijiti vya rimoti. Betri ikatoka sandukuni mwisho kabisa, ikafungwa, mlango ukabanwa. Ndege haikuondoka mara moja: theluji iliyoyeyuka kidogo chini ya skii ilikuwa imeshaganda tena. Hakuongeza nguvu. Alichezesha usukani kushoto na kulia, mkia ukatikisika, skii zikabanduka. Ndipo akafungulia mota.

Iliinuka upesi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ya ile hewa nzito. Alizungusha mizunguko mipana, jua likiwa mgongoni mwake, ndege isipite hata mara moja mbele ya mwanga. Saa ya rimoti aliitega dakika sita, ingawa kiangazi betri hiyo humpa tisa. Ilipolia aliishusha ndege kwa nguvu kidogo ya mota, bila kuikata, akiifuata ile safu ya matawi, mpaka skii zikagusa na kuchora mistari miwili sambamba kwenye theluji. Akazima mota ndege ikiwa bado inateleza, akaiacha isimame yenyewe. Jirani yake ziwani, mwenye injini ya methanoli, alikuwa bado anahangaika kuiwasha, maana methanoli haitoi mvuke wa kutosha kuwaka kwa urahisi kwenye baridi kama ile. Mzee alimsogezea sanduku lake ili chupa ya mafuta ipate joto.

Nyumbani kuna kazi iliyobaki, na hapa ndipo ndege nyingi huharibikia. Kitu baridi kikiingizwa kwenye nyumba yenye joto hulowa, na maji hayo huingia hadi kwenye vifaa vya umeme. Ndege hurudi gereji, na siku ikibidi kuingia ndani hufungwa kwanza kwenye mfuko mkubwa wa plastiki ili unyevu ushike juu ya mfuko. Betri huwekwa mezani na haziguswi mpaka ziwe na joto la chumba, ndipo hupimwa na kurudishwa kwenye volti 3.8 kwa seli, ambako hukaa salama bila kuchakaa upesi.

Jioni hiyo alipindua skii moja chini ya taa na kunionyesha mahali barafu ilipokwangua vanishi, karibu na ncha. Akachukua msasa laini kabisa, akapitisha mara chache kufuata urefu, akapaka vanishi, akaiweka ikauke. Nta ingesubiri kesho. Utabiri wa Jumamosi ulikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo mdogo kutoka kaskazini, na alikuwa ameshauandika kwenye daftari pamoja na urefu mpya wa vijiti.