Bibi Boynton katika Sinema ya Selma

Jina la Martin Luther King, aliyewatetea watu weusi wa Marekani, wengi wetu twalijua; la Bibi Amelia Boynton ni wachache waliopata kulisikia. Sinema iitwayo Selma, iliyotolewa mwaka 2014, yamwonyesha bibi huyu, nasi twaisifu kwa hilo. Lakini sehemu yake ni ndogo mno. Tuikumbukayo zaidi ni pale amfarijipo mke wa King. Kumbe tangu miaka ya 1930 yeye na mumewe walikuwa wakiwafundisha wakulima weusi wa Alabama namna ya kuandikishwa wapate kupiga kura. Mwaka 1964 aligombea mwenyewe kiti katika Bunge la Marekani. Tena alikuwa miongoni mwa waliomwalika King mjini Selma! Mtazamaji aweza kudhani kazi ilianza siku ile mgeni alipowasili. Sisi wa vijijini twajua kwamba mgeni ashangiliwaye mara nyingi hukuta shamba limekwisha kulimwa. Watengenezaji watajibu kwamba saa mbili hazitoshi kusimulia miaka thelathini. Haya, walakini mkulima mmoja, akimtaja aliyemfundisha kujibu maswali ya karani, angechukua dakika ngapi? Tarehe 7 Machi 1965, pale darajani, askari walimpiga Bibi Boynton hata akazimia. Hapo sinema yamtazama sawasawa, nasi tuliinamisha macho.