Ninga wa Shairi na Ninga wa Ngezi

Ndege ni mkaazi wa zamani wa ushairi wa Kiswahili, lakini ni mkaazi asiyeulizwa hali yake. Ninga na njiwa huitwa pale mpenzi anapotajwa kwa fumbo. Kasuku hubebeshwa lawama ya kutoa siri. Tausi huwa pambo la uzuri wenye majivuno. Bundi hutangulizwa mbele ya msiba. Kila mmoja amepewa kazi yake, na mshairi hakulazimika kumtazama ili amtumie. Jina lilitosha. Upigaji picha umekuja na sharti jingine: mpiga picha hawezi kulipiga picha jina. Lazima aingie msituni, angoje, amtafute mwenye jina.

Mahali pa kuzipima sanaa hizi mbili ni Ngezi, kaskazini-magharibi ya Pemba. Ni msitu wa hekta 1,440 hivi, masalio ya msitu uliokuwa mkubwa zaidi kabla ya kukatwa kwa ajili ya mashamba, ya mikarafuu hasa. Wenye kamera huufuata kwa sababu Pemba ina ndege wanne wasiopatikana penginepo duniani: ninga wa Pemba, bundi wa Pemba, chozi wa Pemba, na ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho.

Picha nzuri ya ninga huyu humpa mshairi funzo. Kichwa na kifua chake ni vya kijivu, mbawa zake za kijani, naye hula matunda juu kabisa ya miti, akajificha katika majani yanayofanana naye. Mtu huweza kusimama chini yake asimuone. Hapa pana taswira ya mpenzi iliyo hai kuliko ile iliyozoeleka: aliye juu ya kichwa cha anayemtafuta, naye haonekani. Chozi dume naye ana lake. Mng'ao wake wa kijani na zambarau hautokani na rangi pekee. Hutokana na umbile la unyoya linavyopokea mwanga. Kivulini huonekana mweusi. Akigeuza shingo juani, huwaka. Lugha inayomwita ndege huyu kwa jina lile lile la tone la jicho ilikwisha kumfungulia mshairi mlango.

Hata hivyo, picha nazo zina kasoro, na iliyo kubwa inafanana na ya washairi. Picha nyingi za ndege humjaza ndege katika fremu nzima, na nyuma yake kukabaki ukungu wa kijani. Tawi limekatwa, mti hautambulikani, msitu umefutwa. Kwa Pemba kufuta huko ni kuficha habari muhimu, kwani bundi wa Pemba huishi pia katika mashamba ya mikarafuu, karibu na watu. Anayeuondoa mkarafuu katika picha ili ndege aonekane wa porini zaidi ameondoa nusu ya maisha yake.

Kasoro ya pili ni ya usiku. Wapo wanaocheza sauti ya bundi iliyorekodiwa ili ajitokeze. Bundi hudhani mpinzani ameingia katika eneo lake, huacha kuwinda wadudu na kuja kulilinda, kisha humulikwa. Mtazamaji husifu macho yale makubwa yaliyokodolewa bila ya kujua kuwa anatazama jibu la udanganyifu. Picha hiyo ina ustadi, lakini haina ukweli inaoudai.

Ushairi nao hauna haki ya kujitenga na lawama. Wataalamu walimpa bundi huyu jina la kisayansi mwaka 1937. Wenyeji walikwisha kumsikia kabla ya hapo, akitoa mlio mfupi mmoja mmoja, au kuufululiza gizani. Mlio huo ukisikika kama habari ya kifo tu, mwenye kuutoa huponzwa nao: hufukuzwa, na pengine hupigwa mawe. Ulimwengu wake wote ni kisiwa kisichofika kilomita za mraba 1,000. Akitoweka hapa, hakuna pa kumfuata. Fumbo linaloendelea kurudiwa bila ya kuchunguzwa lina sehemu yake katika hatari hiyo.

Kipimo cha haki kwa sanaa zote mbili ni kuuliza iwapo kazi imemwacha ndege mahali ilipomkuta. Picha istahiliyo sifa ni ile ambayo ndege anaweza kuwa mdogo, lakini tawi, jani na mwanga vinaonekana, na hakuitwa kwa hila. Shairi listahililo sifa ni lile ambalo jina la ndege likifichwa, Mpemba aliyekulia shambani bado atamtambua. Mashairi ya namna hiyo kuhusu bundi bado ni machache, na wa kuyatunga hawana haja ya safari ndefu. Wengi wao humsikia wakiwa vitandani.