Vidole vya Muuza Vitabu

Kitabu kikuukuu kikimfikia, muuza vitabu wa kando ya Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, hasomi jina lake kwanza. Hukigeuza akafungua kurasa za mwisho. Riwaya iliyokosa ukurasa wa mwanzo, anasema, bado ina mnunuzi. Iliyokosa wa mwisho ni ya kufungia karanga. Kisha hupinda mgongo taratibu asikie gundi inavyolia, akanusa katikati kutafuta ukungu wa masika, ndipo akasoma jalada. Yote hayo hayachukui hata dakika. Akiona muhuri wa shule, hukirudisha kwa aliyekileta. "Hiki kina mwenyewe."

Vitabu vilivyolegea havitupi. Ana sindano ndefu, uzi wa nailoni na kopo la gundi, na wateja wakipungua hukaa kwenye kigoda akashona. Nimemwona akitoboa karatasi kwa kufuata matundu yaleyale ya kiwandani, kwa sababu matundu mapya yangeipasua. Jua nalo lina kazi yake. Rangi nyekundu ndiyo hupauka kwanza, jalada likabaki la samawati kama limefuliwa, kwa hiyo vitabu vyenye majalada mekundu huvihamisha kila kivuli cha ghorofa kinaposogea. Wapita njia hudhani anapangapanga tu kwa kukosa la kufanya.

Turubai lake halifuati alfabeti. Asubuhi, watu wa ofisini wanapopita na vikombe vya chai, vitabu vya biashara na vya dini ndivyo huwa mbele. Wanafunzi wakianza kutoka shule, hivyo vinarudi nyuma na *Takadini* na *Watoto wa Mama Ntilie* vinajitokeza.

"Shikamoo mzee. Una *Takadini*?"

"Marahaba. Unataka safi au yenye maandishi?"

Mtoto hababaiki, anajua maana yake. Nakala iliyoandikwa penseli pembeni na mwanafunzi wa zamani ni kitabu na mwalimu kwa bei moja. Lakini mzee haziuzi zote kwa bei sawa. Husoma yale maandishi kwanza, akapima akili ya aliyeyaandika. Kuna nakala aliyonionyesha akacheka: mwenyewe alikuwa amepiga mistari chini ya kila sentensi, kurasa zote. "Huyu alifeli," alisema, na bei akaishusha.

Kwangu mimi ufundi wake mkubwa uko kwa wateja wasiojua wanachokitaka kinaitwaje. Mwanamume mmoja mwenye mvi alisimama, akaangaza turubai zima, akasema anatafuta kitabu alichokisoma ujanani. Jina limemtoka, ila kulikuwa na mpelelezi.

"Willy Gamba?"

"Huyohuyo!"

"Kile cha Kinshasa?"

Mwenye mvi akapiga paja. Mzee akachomoa *Kikosi cha Kisasi* cha Elvis Musiba kutoka chini ya rundo bila kuangusha kilichokuwa juu. Bei hakuitaja. Alimwacha mteja asome ukurasa, kisha wa pili, naye akajitia kupanga kamusi. Nadhani kuna hila hapo, lakini ni hila ya kistaarabu.

Wapo pia wasionunua kamwe. Kijana mmoja huja kusoma akiwa amesimama, na mzee humruhusu mradi asikunje kona za kurasa. Nilimuuliza kama hapati hasara. Akajibu kwamba turubai lenye mtu aliyeinama huvuta wengine.

Sitamsifia kila kitu. Pembeni kuna rundo la vitabu vya kutajirika haraka, vya Kiingereza, vilivyochapwa kwa wizi: herufi zimefifia, kurasa zimekatwa upogo, na mwandishi hapati hata senti. Anajua. Nilipomgusia alijibu kwamba hivyo ndivyo vinavyolipa kodi ya chumba, na *Kusadikika* ndicho anachokipenda. Jibu hilo halikuniridhisha, ingawa lina ukweli wake.

Mwaka 2021, wamachinga walipoondolewa kando ya barabara za jiji, alikosa mahali pa kutandika kwa muda. Kilichomwokoa ni daftari. Humo ameandika namba za simu na mbele ya kila namba kitabu kinachotafutwa, na kwa miezi hiyo aliwapelekea watu vitabu maofisini mwao akiwa na begi mgongoni. Sasa amerudi mtaani, anatandika kwenye kibaraza cha duka, na daftari limezidi kunenepa. Baadhi ya maombi yana miaka. Juzi alikuwa akimpigia mama mmoja aliyeagiza *Mzimu wa Watu wa Kale*.

"Nimekipata, mama. Ila nisikufiche, jalada halipo na kurasa mbili zina mafuta."

Upande wa pili mama aliuliza jambo.

"Ukurasa wa mwisho upo. Nimeuangalia kwanza."

Akakiweka kitabu ndani ya begi, akafuta namba ya mama daftarini, akamgeukia mwanafunzi aliyekuwa anasubiri.